KARAMU YA VIKOMBE VYA MASHUA, PAMOJA NA MATEMBEZI YA DETROIT



Wengi bado wanakumbuka mashindano ya mitumbwi kati ya wa tano na wa sita, hapa kwenye ziwa. Kikombe kilitolewa palepale mchangani, watu wangali wanatiririka maji. Kiisha dakika kumi mtu akaja kusema kwamba mtumbwi wa kwanza haukuzunguka bendera, ulikata ndani yake. Kelele! Mpaka leo kuko watu wa internati wasiosalimiana vizuri juu ya jambo lile.

Njo maana nilitaka kujua namna wenye mashua za mashini huko Marekani wanavyotoa vikombe vyao. Kumbe ushindi wa siku moja unatangazwa siku ile, lakini heshima kubwa za mwaka hungojea. Mashindano yote yakiisha, wanaitana kwa karamu ya usiku na kusoma majina. Ni sawa na proklamasio yetu ya mwisho wa mwaka, ila wao wanaketi na sahani mbele yao.

Chama chao kinaitwa American Power Boat Association, kilianzishwa mwaka 1903. Kikombe chao kikubwa ni Gold Cup, kilichoshindaniwa mara ya kwanza mwaka 1904 kwenye mto Hudson, New York. Mashua iliyoshinda, jina lake Standard, ilikwenda karibu kilometri 40 kwa saa. Zile za leo za namna kubwa zaidi zinapita 300. Nyingi zinasukumwa na mashini iliyotengenezwa kwa ajili ya elikopta Chinook. Usifikiri zinaogelea sawa na mtumbwi wetu: zikishika mbio, karibu mwili wote unatoka majini, hewa njo inaubeba, na nusu ya chuma kinachozunguka nyuma iko nje ya maji. Maji yanaruka nyuma yake juu kuliko nyumba.

Sasa, juu ya nini wanangojea? Kwanza ni juu ya hesabu. Kwa miaka mingi wa kwanza katika mbio moja alipata points 400, wa pili 300, wa tatu 225, wa nne 169, wa tano 127. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba kila mtu anapata robo tatu ya yule aliye mbele yake. Points hizo zinajumlishwa ziwa kwa ziwa, mto kwa mto. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa Gold Cup na bado kuwa bingwa wa mwaka, vile mwanafunzi anaweza kupitwa katika jeografia na kuwa wa kwanza kwa pursantaji.

Pili ni juu ya mabishano. Mwaka 1955 Gold Cup ilifanyika Seattle, kwenye ziwa Washington. Watu wa mji ule walifikiri mashua yao Miss Thriftway, iliyoendeshwa na Bill Muncey, imeshinda. Walipojumlisha muda wa mbio zote, Gale V ya Detroit ilikuwa mbele kwa tofauti isiyofika sekunde tano. Points za nyongeza kwa muda ule zikaipa kikombe, na Seattle ikanuna. Mwaka 1956 walikutana Detroit. Safari hii Muncey alishitakiwa kwamba amegonga boya, ni kusema lile pipa linaloelea kuonyesha njia ya kuzunguka. Maneno yakafika mpaka kwa mahakimu, na ni baada ya wiki nyingi tu kikombe kilithibitishwa kuwa chake. Kwangu mimi, wiki zile zilikuwa na faida. Kutoa kikombe ni rahisi. Lakini kukirudisha kutoka mikononi mwa mtu aliyekwisha kukionyesha kwa mama yake, hiyo njo kazi.

Katika karamu yenyewe chakula si neno kubwa: mtu analipa tiketi, anavaa nguo safi, wanaketi kwa meza. Neno kubwa ni majina. Mwendeshaji mashua alionekana na watu wote siku ya mbio. Lakini fundi aliyelala chini ya mashini mpaka asubuhi, nani alimwona? Na wale wanaongoja ndani ya mashua ya kuokoa, wakiomba kazi yao isihitajike? Usiku ule wanaketi pamoja na wengine.

Wanakumbuka pia waliokufa. Muncey huyo alishinda Gold Cup mara 8. Mwezi wa kumi 1981, huko Acapulco katika Meksiko, mashua yake iliinuliwa na upepo, ikapinduka nyuma, akafa. Mwaka 1982 bingwa mwingine, Dean Chenoweth, alikufa namna ileile kwenye mto Columbia. Zamani waliketi kichwa wazi. Baada ya vifo vile walianza kuwafunika kwa kioo kigumu kilichotoka kwa ndege za vita F-16, na watu wengi waliopinduka tangu wakati ule walitoka wazima.

Karamu za chama hazikai mahali pamoja kila mwaka. Mimi nachagua Detroit kuwa mfano, kwa sababu hakuna mji uliopokea Gold Cup mara nyingi kuliko huu, na mgeni mwenye siku mbili mkononi hatakosa pa kwenda.

Aanze na mto. Ng'ambo ni Windsor, mji wa Kanada. Kuko daraja la mwaka 1929 na njia inayopita chini ya maji ya mwaka 1930. Sisi wa karibu na Ruzizi tunaelewa bila kufundishwa: ukiwa na karatasi unavuka, usipokuwa nayo unatazama tu. Katikati ya mto ni kisiwa Belle Isle, na mashua zilishindana kati yake na mji. Pale kuko nyumba ya samaki ya mwaka 1904, umri mmoja na Gold Cup, tena kuko jumba la mambo ya meli, Dossin, ambamo mashua ya mbio Miss Pepsi imehifadhiwa. Mgeni wa karamu asipoenda pale, alikuja kufanya nini?

Mwenye kupenda picha aende Detroit Institute of Arts. Diego Rivera, mtu wa Meksiko, alijaza ukuta wa ukumbi mzima na wafanyakazi wa kiwanda cha motokari, 1932 na 1933. Mwenye kupenda muziki aende kwenye nyumba ndogo ambamo Berry Gordy alianzisha Motown mwaka 1959 na deni la dola 800 kutoka kwa jamaa yake. Mwenye kupenda ngumi atakuta mkono mkubwa wa shaba, mita 7 na zaidi, umetundikwa kwa heshima ya Joe Louis aliyekulia katika mji ule. (Ni bingwa wa namna ileile ya Ali, yule aliyempiga Foreman Kinshasa mwaka 1974.) Karibu na hapo, Dearborn, katika jumba la Henry Ford, kuko basi lenyewe ambamo Rosa Parks alikataa kusimama mwaka 1955 huko Montgomery.

Lakini mimi ningeanza na kanisa. Second Baptist lilianzishwa mwaka 1836 na watu 13 waliokuwa watumwa zamani. Walitoka kanisa la wazungu kwa sababu hawakupewa nafasi sawa. Watumwa waliokimbia kutoka kusini walifichwa chini ya jengo lao mchana, na usiku walipelekwa mtoni. Katika lugha ya siri ya njia ile Detroit iliitwa « Usiku wa Manane ». Utumwa ulikuwa umefutwa katika nchi za Uingereza tangu 1834, na Kanada ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo mtu aliyefika ng'ambo alikuwa huru. Inasemekana kama 5.000 walipita katika kanisa lile. Walivuka kwa mashua, maji yaleyale ambayo baadaye yalikuwa uwanja wa Gold Cup. Hapakuwa na boya wala saa, na mwenye kupiga kasia hakuandikwa jina popote.