Dolly Parton, binti wa mlimani aliyekataa kugawa wimbo wake

Karibu kila kwaya ya kijijini ina binti mmoja ambaye watu wakimsikia wanasema: huyu atafika mbali. Ni mara chache tunauliza swali linalofuata: akifika huko mbali, nyimbo zake zitakuwa za nani? Maisha ya Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani, yanatusaidia kulielewa swali hili.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika milima ya jimbo la Tennessee, ndani ya nyumba ya mbao yenye chumba kimoja. Alikuwa wa nne kati ya watoto kumi na wawili. Baba yake alilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, na baadaye akapata shamba lake la tumbaku. Hakujua kusoma wala kuandika. Daktari aliyemzalisha mama, Robert F. Thomas, alikuwa mmisionari wa Kimethodisti, na Dolly husimulia kwamba malipo yake yalikuwa mfuko wa unga wa mahindi. Wasomaji waliozaliwa katika hospitali za misioni wataielewa siku hiyo bila maelezo mengi.

Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na ndani ya kanisa lake mtoto huyo alianza kuimba mbele ya watu. Mjomba wake, Bill Owens, alimpa gitaa alipokuwa na miaka minane. Akiwa na miaka kumi hivi alikuwa akiimba katika redio na televisheni ya mji wa Knoxville. Mwaka wa 1964, siku ya kumaliza sekondari, aliwaambia wenzake kwamba anakwenda Nashville kuwa nyota. Walicheka. Kesho yake alipanda basi.

Kuchekwa hakukuwa kitu kigeni kwake. Zamani mama yake alimshonea koti la vipande vya nguo, na huku akishona alimsimulia habari za Yusufu na kanzu aliyopewa na baba yake. Mtoto akaenda shule akijiona tajiri, wenzake wakamdhihaki. Aibu hiyo aliigeuza kuwa wimbo, «Coat of Many Colors», uliotoka mwaka wa 1971.

Wapo watakaotazama wigi zake na rangi za usoni, wakauliza kama huyu ni mfano wa binti wa kanisa. Swali ni halali, lakini leo tunazungumzia karatasi alizotia sahihi.

Mwaka wa 1967 mwimbaji Porter Wagoner alimwingiza katika kipindi chake cha televisheni, na huko ndiko alikojulikana. Baada ya miaka saba Dolly alitaka kuondoka, Wagoner hakutaka. Basi akamwandikia wimbo wa kumuaga, «I Will Always Love You». Ulitoka mwaka wa 1974 na kupata nafasi ya kwanza kati ya nyimbo za kantri. Kisha Elvis Presley akataka kuurekodi. Kwa mwimbaji wa wakati ule hiyo ilikuwa neema kubwa mno. Lakini meneja wake, Tom Parker, aliweka sharti: nusu ya haki za wimbo iende upande wa Elvis. Dolly alikataa, na anasema alilia usiku kucha.

Alikuwa analinda nini? Wimbo una mali mbili. Kuna sauti iliyorekodiwa studio, na kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na tuni. Mtu mwingine akiurekodi, mali ya kwanza ni yake na kampuni yake. Mali ya pili inabaki kwa mtunzi na yeyote aliyemwachia haki, na kila sahani ikiuzwa, kila redio ikiupiga, huyo ndiye anayestahili malipo. Mtu anayetia sahihi kugawa nusu huwa hagawi pesa za mwaka huo tu. Anagawa hata za miaka ambayo hawezi kuiona. Dolly alijua hayo mapema, kwa sababu yeye na mjomba Bill walikuwa wamefungua kampuni yao ndogo ya haki za nyimbo.

Mwaka wa 1992 Whitney Houston aliuimba wimbo huo katika filamu «The Bodyguard». Ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 14, na haki za mtunzi bado zilikuwa za Dolly.

Kwetu Kongo, haki ya mtunzi inalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, na shirika linaloisimamia linaitwa SOCODA. Wazazi na viongozi wa kwaya wafahamu hilo kabla binti hajapewa kalamu.

Dolly alirudi kwao na mali yake. Bustani ya michezo ya Dollywood, iliyofunguliwa mwaka wa 1986, imewapa kazi watu wa milima ile. Mwaka wa 1995 alianzisha mpango wa kuwapelekea watoto wadogo kitabu kimoja kila mwezi, bure, mpaka watimize miaka mitano. Sasa vimepita milioni 200. Anasema wazo lilitokana na baba yake asiyejua kusoma. Mzee huyo alifariki mwaka wa 2000, na kabla ya hapo alifurahi sana kusikia watoto wakimwita binti yake Mama wa Vitabu.