Utangulizi: Jeni Zinazohaririwa, Jeni Zinazorithiwa

Wazazi wenye watoto wa selimundu huniuliza: mwanangu akitibiwa kwa kuhaririwa jeni, wajukuu zangu watasalimika? Jibu ni hapana, na kitabu hiki kizima ni maelezo ya hapana hiyo. Karibu, msomaji, hata kama biolojia uliiacha kidato cha pili.

Selimundu ni kosa la herufi moja. Kwenye jeni ya hemoglobini, iliyo katika kromosomu ya 11, mahali pa A pamekaa T. Kwa hilo tu, chembe nyekundu za damu hukakamaa, hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Aliyekesha na mtoto anayelia maumivu ya mifupa anajua uzito wa herufi hiyo.

Kifaa cha kuhariria, krispa, kilitokana na bakteria, ambao hukitumia kukatakata virusi vinavyowavamia. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 kwamba kinaweza kuelekezwa kukata mahali tunapotaka, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii, Casgevy. Seli shina za mgonjwa hukusanywa kutoka kwenye damu, huhaririwa maabara, kisha hurudishwa mwilini baada ya dawa kali kuusafisha uboho wa zamani. Ajabu yake, na mimi bado inanifurahisha kila ninapoifundisha, ni kwamba herufi yenye kosa haiguswi kabisa. Mtoto tumboni ana hemoglobini yake ya pekee, isiyopinda. Ndiyo maana selimundu haijitokezi miezi ya mwanzo. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima hemoglobini hiyo. Tiba hukata swichi ya BCL11A ndani ya seli za damu, na hemoglobini ya utotoni hurejea. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali.

Lakini mayai na mbegu za kiume hazikuguswa. Aliyetibiwa bado humrithisha kila mtoto jeni moja ya selimundu. Mwenzi wake akiwa nayo moja, uwezekano wa mtoto kuugua ni nusu kwa nusu. Kupima kabla ya ndoa kunabaki palepale. Mpaka huu, wa kutogusa kinachorithiwa, naukubali kwa moyo wote. Mwanasayansi He Jiankui alipoutangazia ulimwengu mwaka 2018 kwamba amehariri viinitete na mapacha wamezaliwa China, aliwaingiza watoto, na vizazi vyao, katika jaribio wasiloliridhia.

Kinachoniumiza ni bei ya Casgevy: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja Marekani, ilhali Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Tumaini langu liko kwenye uhariri unaofanyika ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 2025, Philadelphia, mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini alidungwa kihariri kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake, kikiwa kimefungwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta. Vitone hivyo hukimbilia ini. Kuvifikisha kwenye uboho ni kazi ngumu zaidi, na sura mbili za mwisho zinaeleza kwa nini.