NUSU KILO YA KITIMOTO INAVYOWEZA KUKULIA MTAJI: CHOMA KWA PILIPILI, UZA KWA HESABU

Leo tupo jikoni.

Mteja kaagiza nusu. Umemchomea, umempelekea na ndizi na kachumbari. Anaangalia sahani, anakuuliza: "Bosi, hii ndiyo nusu kilo?" Hapo unaona aibu, unamwongezea vipande viwili. Kesho hivyo hivyo. Mwisho wa wiki mtaji wa kilo 10 umebaki wa kilo 7, unasema umerogwa. Hujarogwa. Nyama imepungua motoni na hesabu hukufanya.

Uko Lionja, Nachingwea mjini au Ruangwa, msimu wa ufuta au korosho pesa ikiingia mkononi mwa wakulima, biashara hii inatembea. Ila ifanye hivi.

1. ANZA NA NYAMA ILIYOPIMWA
Nunua nyama iliyokaguliwa na afisa mifugo na kupigwa mhuri. Nguruwe anaweza kuwa na malengelenge ya minyoo ya tegu ndani ya nyama, madogo meupe kama punje za mchele. Ukiyaona, usinunue, hata ukipewa bure. Na nguruwe wa bei ya kutupa, jiulize kwa nini anauzwa haraka. Homa ya nguruwe haina dawa. Haimuambukizi binadamu, lakini inasafiri na nyama na makombo, inamaliza mabanda ya kijiji kizima. Kwa hiyo mabaki usiwape nguruwe wa jirani. Karantini ikitangazwa, funga jiko.

2. PIMA KWANZA, PAKA BAADAYE
Wengi wanaloweka nyama yote kwenye beseni la viungo, halafu wanampimia mteja na rojo juu. Huo ni wizi, na wateja wanajua. Kata, pima nusu nusu na robo robo, kila pimo kwenye mfuko wake, ndipo uweke viungo. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikae mbele ya mteja. Mwambie mapema: "Nusu ni ya nyama mbichi, ikiiva inapungua." Ukisema kabla ni maelezo. Ukisema baada ni kujitetea.

3. ROJO LA PILIPILI (kilo 5)
Vitunguu saumu vichwa 3, tangawizi kipande cha kiganja, pilipili mbuzi 6, ndimu 4, chumvi vijiko 3 vya chakula, pilipili manga kijiko 1 cha chai, mafuta nusu kikombe. Twanga au saga. Gawa mara mbili: nusu ya kulowekea, nusu weka kando, changanya na nyanya ya kopo vijiko 2, chemsha kidogo. Hiyo ya pili ndiyo ya kupaka mwishoni. Rojo lililogusa nyama mbichi usilipeleke mezani.

Una friji? Loweka usiku kucha. Huna? Loweka saa moja tu na ununue nyama ya siku hiyo. Ndimu na pilipili hazifanyi kazi ya friji.

4. MOTO UWE PANDE MBILI
Mkaa mwingi upande mmoja, mdogo upande wa pili. Futa rojo usoni mwa nyama, maana saumu ikiungua inakuwa chungu. Anzia upande wa moto mkali ipate rangi, kisha hamishia moto mdogo iive mpaka ndani. Mafuta yakidondoka na moto ukiruka, sogeza nyama, usimwage maji. Rojo la nyanya paka dakika 10 za mwisho. Kata kipande kinene kuliko vyote: kikiwa na damu, rudisha.

5. HESABU (mfano, weka bei za kwako)
Nyama kilo 10 × 9,000 = 90,000. Mkaa 6,000. Viungo 7,000. Ndizi na kachumbari 12,000. Jumla 115,000.
Ukiuza kilo 10 × 14,000 = 140,000. Faida 25,000.
Ukitoa nyongeza za aibu zikafika kilo 1, unauza 126,000. Faida 11,000.
Ukikopesha nusu mbili tu zisilipwe, umepata 112,000. Hasara 3,000!
Umeona? Siku nzima kwenye moshi, umelipia wewe.

6. HESHIMU MAJIRANI
Huku kwetu tunaishi Waislamu na Wakristo pamoja. Jiko likae mbali na msikiti na wauza chakula wengine. Vyombo, kisu na gogo viwe vya nguruwe peke yake. Ukiuza na kuku, jiko lake liwe lingine na mteja aambiwe ukweli. Ugomvi na jirani unafunga biashara kuliko mvua.

Wewe unapima mbichi au iliyoiva? Tuambie hapo chini, na mtumie mwenzako anayetaka kuanza kabla ya msimu.