Kuwasha Lori la Dizeli Alfajiri ya Baridi

Ndugu madereva na utingo wa mashamba ya chai, mnajua alfajiri ya mwezi wa Julai inavyokuwa Mufindi, Njombe na Limuru. Lori limelala nje, kioo kimejaa ukungu, ukigeuza ufunguo injini inaguna tu.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ile ya petroli. Huwaka kwa joto la hewa inayobanwa ndani ya silinda. Chuma kikiwa baridi hulinyonya joto hilo, oili nayo imekuwa nzito na betri imepungua nguvu. Kwa sababu hiyo injini nyingi zina plagi za kupasha joto. Geuza ufunguo hatua ya kwanza, ngoja ile taa yenye alama ya waya uliojikunja izimike, ndipo uwashe. Ikikataa, ngoja tena, usimalize betri. Penye plagi hizo usipulizie dawa ya kuwashia, maana huweza kulipuka humo humo. Na moto wa kuni chini ya sampu ya oili, ambao nimeuona kwa macho yangu, ni wazimu.

Ikishawaka usikanyage mafuta kwa nguvu. Injini yaridhika na dakika chache. Breki za upepo je? Usiondoke kabla sindano haijafika mahali pake, wala kabla kioo hakijasafishwa chote.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Katika shamba moja nililotembelea, dereva na utingo wake waliingiza jiko la mkaa ndani ya kebini na kufunga vioo ili ukungu utoke upesi. Tulipofungua mlango mmoja ametapika, mwingine haitikii. Tuliwavuta nje wapate hewa, tukawapeleka hospitali, wakapona. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, miguu hulegea, usingizi huja, na mtu hudhani ni uchovu. Moshi wa ekzosi katika gereji iliyofungwa una sumu ile ile.

Kwa nini waliingiza jiko? Walitakiwa wawe kwenye mizani saa 12 kamili asubuhi, na malipo yao yalihesabiwa tangu gari lilipotoka getini. Nusu saa ya kuliandaa haikulipwa. Lakini Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unazihesabu kazi nyingine zinazohusu gari kuwa saa za kazi za dereva.

Kanada na Finland, ambako baridi hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, maegesho mengi ya kazini yana nguzo za umeme za kupashia injini joto kabla dereva hajafika. Sisi hatuombi nguzo, twaomba ile nusu saa.

Basi kila dereva aandike katika daftari, kwa wiki mbili, saa aliyofika kwenye gari na saa aliyotoka getini. Makatibu wa matawi wayakusanye kabla ya mkutano na meneja.