Zawadi ya Bure, Orodha Ndefu: Je, Inakuletea Wanunuzi wa Kweli?

Umeshawahi kuona matangazo ya aina hii: fuata ukurasa wetu, acha namba ya simu na barua pepe, na Ijumaa mtu mmoja anaenda nyumbani na simu mpya. Labda umeshiriki. Labda wewe ndiye mwenye duka na unafikiria kufanya hivyo mwezi huu, ili upate orodha ya watu wa kuwatumia ofa zako.

Wafanyabiashara wengi wanaopokea malipo kwa simu wanataka kujua kama promosheni za namna hii zinalipa. Kwa kifupi, zawadi huleta majina haraka sana, lakini majina si wateja. Kama orodha hiyo itakufaa au la, inategemea zawadi uliyochagua, namna ulivyoomba ruhusa, na kile unachofanya baada ya mshindi kutangazwa. Tuangalie moja baada ya nyingine.

Zawadi ni chujio

Tuseme una duka la vipodozi Nakuru na zawadi yako ni simu. Nani anataka simu? Kila mtu: mwanafunzi wa Kisumu, boda boda wa Thika, mzee wa Garissa ambaye hajawahi kununua mafuta ya uso maishani. Wote watajiandikisha, na hawakosei. Wamekuja kwa simu, hawakuja kwa duka.

Sasa badilisha zawadi iwe kifurushi cha mafuta na sabuni kutoka rafu zako mwenyewe, cha kuchukuliwa dukani. Watakaojiandikisha watapungua, pengine sana. Lakini waliobaki wana mambo mawili unayoyahitaji: wanatumia bidhaa unazouza, na wanaweza kufika ulipo. Ndiyo maana tunasema zawadi ni chujio. Zawadi inayomfaa kila mtu haichuji mtu yeyote.

Kuna shida nyingine ya zawadi kubwa. Watu hujiandikisha mara tatu au nne kwa laini na barua pepe tofauti ili kuongeza bahati. Wengine hufungua barua pepe ya siku hiyo tu, hawaifungui tena. Kwa hivyo watu 1,500 kwenye orodha wanaweza kuwa wachache kuliko unavyodhani.

Piga hesabu kabla ya kutangaza

Namba zifuatazo ni za mfano tu. Weka zako mahali pake.

Promosheni ya kwanza: simu ya shilingi 18,000 na matangazo ya mtandaoni ya shilingi 5,000. Unapata majina 1,500. Ukigawanya 23,000 kwa 1,500, kila jina limekugharimu kama shilingi 15. Rahisi, si ndiyo? Endelea. Unawatumia meseji nne kwa miezi mitatu, kila meseji shilingi 1. Hiyo ni shilingi 6,000 zaidi, jumla 29,000. Watu 15 wananunua, na kila mmoja anakuachia faida ya shilingi 300. Umeingiza 4,500. Kila mnunuzi amekugharimu zaidi ya shilingi 1,900. Ili tu urudishe pesa yako, kila mmoja wao lazima anunue mara saba.

Promosheni ya pili: hakuna bahati nasibu. Kila mteja anayelipa dukani anaulizwa kama angependa kupokea ofa, na akikubali anapata punguzo la shilingi 100 kwenye ununuzi unaofuata. Bango limekugharimu shilingi 1,000. Unapata majina 180. Meseji nne kwao ni shilingi 720. Watu 45 wanarudi, kwa hivyo punguzo ni shilingi 4,500. Jumla ya gharama ni 6,220. Faida kabla ya gharama hizo ni 13,500. Kumbuka pia kwamba hapa sehemu kubwa ya pesa inatoka tu mtu anaponunua. Kwenye simu pesa ilitoka kabla.

Lakini usijidanganye na mfano wa pili pia. Baadhi ya hao 45 wangerudi hata bila meseji. Tuseme 15 wangerudi hivyo hivyo. Basi wanunuzi ulioletewa na promosheni ni 30, faida yao ni 9,000, na baada ya gharama unabaki na 2,780. Bado ni faida, ila ni ndogo kuliko ilivyoonekana mwanzoni.

Tena, orodha ya wateja wa dukani haileti sura mpya. Kama duka ni jipya na hakuna anayelijua, shindano lenye zawadi ya bidhaa zako mwenyewe linaweza kukusaidia kujulikana. Pesa hiyo ihesabu kama ya matangazo, na usitegemee kwamba kila aliyejiandikisha atakuwa mteja.

Orodha mbovu inaharibu hata ile nzuri

Wengine husema, “Acha majina yakae, hayali chakula.” Kwa barua pepe, yanakula. Tangu Februari 2024, Google inawataka watumaji wa barua pepe nyingi, yaani wanaotuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail, waweke njia rahisi ya kujiondoa na wahakikishe malalamiko ya spamu hayafiki asilimia 0.3. Hiyo ni watu 3 kati ya 1,000. Duka dogo halifiki kiwango hicho cha barua, lakini kanuni yenyewe inakuhusu: watu wanapobonyeza “spamu”, barua zako zinaanza kuangukia huko hata kwa mteja mwaminifu anayezisubiri.

Aliyekuja kwa ajili ya simu na akakosa ndiye mwepesi zaidi wa kubonyeza kitufe hicho. Hakumbuki jina la duka lako. Anakumbuka tu kwamba hakushinda.

Kwa SMS, gharama iko wazi zaidi: unalipia kila meseji, iwe imesomwa au imefutwa.

Sheria inasema nini

Namba ya simu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uwe na idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kwa biashara. Mtu anapokubali kushiriki shindano, hajakubali moja kwa moja kutumiwa ofa kila wiki. Yaulize kama maswali mawili tofauti, na la pili liwe la hiari. Kila meseji ya ofa iwe na njia ya bure na rahisi ya kujitoa. Na usichukue taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi.

Namba unazozipata wakati wa malipo pia si orodha ya kutangazia. Mteja alizitumia kulipia mkate, hakuzitoa ili atumiwe ofa. Kununua orodha ya namba kutoka kwa mtu wa mtaani ni kosa zaidi, kwa sababu hakuna hata mmoja pale aliyekupa ruhusa.

Haya si maneno ya vitisho tu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini taasisi tatu: kampuni ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000, klabu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Kumbuka hilo la klabu unapotaka kupost picha ya mshindi wako: muulize kwanza.

Jambo lingine: zawadi inayotolewa kwa bahati inaweza kuhitaji kibali chini ya sheria za michezo ya kubahatisha. Uliza kabla ya kutangaza. Punguzo kwa kila mnunuzi halitegemei bahati, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda.

Usifanane na matapeli

Wakenya wamechoka na meseji za “umeshinda”. Wengi wana jirani au mzazi aliyetuma “ada ya usajili” na hakuona zawadi. Kwa hivyo promosheni yako halali inaingia kwenye simu ambayo tayari ina mashaka, na mashaka hayo yana maana.

Kama ni mwenye duka, taja jina la biashara, mahali ilipo, tarehe ya mwisho, namna mshindi atakavyopatikana na zawadi itakavyochukuliwa. Usiombe namba ya kitambulisho kama huihitaji. Usimtoze mtu chochote ili apokee alichoshinda.

Kama ni mshiriki, shika haya:

- Zawadi ya kweli haidai ada kwanza.
- Hakuna anayehitaji PIN yako ili akutumie pesa. Hata sisi hatutakuomba.
- Ukiambiwa “pesa imeingia kwa makosa, rudisha”, angalia salio lako kwanza. Usiamini meseji peke yake.
- Soma unachokubali. Ukitaka kushiriki bila kupokea ofa, acha kisanduku cha ofa bila alama.

Jinsi ya kujua kama orodha yako inalipa

Huhitaji programu ya bei ghali. Daftari na taarifa ya till vinatosha.

1. Andika chanzo cha kila jina: dukani, shindano la Machi, WhatsApp. Usizichanganye.
2. Kila kundi litumie meseji yenye neno lake. Waliotoka kwenye shindano wataje “MACHI” wakati wa kulipa, wa dukani wataje “RUDI”.
3. Hesabu wanunuzi wa kila kundi kwa siku 90, usihesabu waliosoma wala waliopenda.
4. Gawanya gharama yote, zawadi na meseji pamoja, kwa idadi ya wanunuzi. Linganisha na faida yako kwa kila mauzo.
5. Ambaye hajanunua wala kujibu kwa muda huo, muulize mara moja kama bado anataka ofa. Akinyamaza, mtoe.

Hatua ya tano ndiyo watu huona ngumu, kwa sababu orodha inapungua mbele ya macho yako. Lakini wingi si hoja. Watu 80 wanaofungua meseji zako na kuja kununua wanalipa kodi ya duka. Wale 1,500 wanaosubiri simu nyingine hawalipi.

Kabla ya kutoa zawadi mwezi huu, chukua taarifa yako ya malipo ya miezi mitatu iliyopita uone wateja wanaorudi hununua nini zaidi. Hicho ndicho kitu cha kuweka kama zawadi.