Kwa Nini Maji ya Moto Yanachelewa Kufika Bafuni

Njombe mwezi Juni, wenye hita za sola huwa na malalamiko mawili. Kuna ambao maji ya moto yanawatokea kama uzi, na kuna ambao yanatoka vizuri lakini ni ya baridi kwa muda mrefu kabla ya moto kufika. Mafundi wengi hutibu yote mawili kwa dawa moja: bomba kubwa zaidi. Dawa hiyo huponya la kwanza na kuzidisha la pili.

Tangi la hita likiwa mita 3 juu ya shawa, kinachosukuma maji ni kimo hicho tu, yaani presha ya takriban baa 0.3. Msukumo ukiwa mdogo hivyo, msuguano ndani ya bomba hauna mpinzani. Ukiongeza kipenyo cha ndani mara mbili, maji yanayopita huongezeka karibu mara sita, kwa hiyo hata milimita chache si haba.

Nasema kipenyo cha ndani kwa makusudi. Namba inayotajwa dukani kwa bomba la plastiki la PPR ni ya nje. Soma maandishi ya ubavuni: 20 x 3.4. Hiyo 3.4 ni unene wa ukuta. Itoe mara mbili, njia ya maji inabaki milimita 13.2. Bomba la 25 x 4.2 linabaki na 16.6. Kwa mita 15 zilizonyooka na kimo kilekile cha mita 3, hesabu inatoa takriban lita 12 kwa dakika kwa la kwanza na lita 22 kwa la pili. Kona, koki na kichwa cha shawa vitapunguza zote mbili, tena sana. Kwenye mabomba ya zamani ya chuma, chokaa nayo huongeza yake: ganda la milimita 1 tu kuzunguka bomba la nusu inchi hula zaidi ya robo ya maji.

Sasa upande wa pili. Maji yaliyolala bombani yamepoa, na lazima yatoke yote kwanza. Mita 15 za bomba la 20 hubeba lita 2, la 25 lita 3.2, la 32 lita 5.3. Kwa sinki linalotoa lita 4 kwa dakika, hiyo ni nusu dakika, sekunde 50 hivi, au sekunde 80. Kwa la 32, ni kunawa mikono tu, na ndoo nzima ya maji imekwenda kwa watu wanne!

Kwa hiyo mimi hupendekeza bomba la 25 kutoka tangini hadi bafuni, lipite njia fupi na livishwe sponji ya kuhifadhi joto, kisha tawi la 20 lisilozidi mita 2 kwenda sinki. La 32 liachie nyumba yenye bafu kadhaa zinazotumika kwa wakati mmoja. Na kama maji ya baridi yanatoka kwenye pampu huku ya moto yakishuka kwa kimo tu, usiguse mabomba kwanza. Kwenye koki ya kuchanganyia, yale ya baridi huyazidi nguvu ya moto na hata kuyarudisha juu; ya baridi yachukue kwenye tangi lililo kimo kimoja na hita.