MOYO ULIOSHAMBULIWA UNAWEZA KUPATA NGUVU TENA



Mtu akirudi kutoka hospitali baada ya shambulio la moyo, majirani husema mambo mawili. Wengine husema, "Huyu amekwisha, mwacheni alale." Wengine husema, "Amepona, si mnaona anatembea?" Maneno yote mawili yanaweza kumwumiza mgonjwa. Leo tuelezane kinachotokea ndani ya moyo baada ya siku ile, na kazi inayobaki kwako na kwa watu wa nyumbani.

Shambulio la moyo ni nini?

Moyo ni msuli unaosukuma damu. Hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Msuli huo una mishipa yake yenyewe ya kuulisha. Mshipa mmoja ukizibwa na donge la damu, sehemu inayoutegemea huanza kufa. Kwa hiyo maumivu yanayobana kifua, yanayopanda shingoni au kwenda mkononi, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi, si ya kusubiri kuche. Kila saa inayopita, msuli zaidi unakufa.

Nini kinarudi, nini hakirudi?

Msuli uliokufa haurudi. Mahali pake hujengeka kovu, na huchukua majuma 6 hadi 8 kukaza. Lakini pembeni yake kuna msuli mwingine ambao haukufa, umezimia tu. Huo unaweza kuamka polepole, kwa majuma na miezi.

Nguvu ya moyo hupimwa kwa mashine iitwayo eko. Moyo mzima, kwa kila pigo, hutoa kama asilimia 50 hadi 70 ya damu iliyo katika chumba chake cha kusukumia. Ikiwa chini ya 40, moyo umedhoofika. Kipimo cha siku za kwanza si hukumu ya mwisho. Kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi kama 3. Daktari wa Bwera, Kagando au Kilembe akikupa barua ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988 pale Mulago, Kampala, usiifiche chini ya godoro. Ilete kituoni, tukusaidie kuuliza juu ya safari.

Kosa letu sisi wawili

Mzee mmoja jirani yangu alipata shambulio la moyo. Eko ya kwanza ilionyesha 30. Alipewa dawa, na mwezi wa pili akajisikia vizuri. Akaziacha. Alisema dawa ni za mgonjwa, na yeye amepona. Mimi nilikuwa napita kwake kila juma na kumwuliza, "Mzee, unaendeleaje?" Ananijibu, "Vizuri, mwanangu." Sikumwomba anionyeshe dawa. Siku moja nikamkuta amelala ameketi, miguu imevimba, pumzi haimtoshi. Alirudishwa hospitali.

Alianza dawa upya. Miezi 3 baadaye eko ilionyesha 42. Si moyo wa ujana wake, na magogo habebi tena. Lakini analima bustani yake ya dodo na kwenda sokoni kwa miguu. Dawa ndizo zilizokuwa zinamfanya ajisikie vizuri.

Fanya haya

1. Meza dawa kila siku, hata ukijisikia mzima. Aspirini huzuia damu kuganda, nyingine hupunguza mzigo wa moyo, nyingine hupunguza mafuta katika damu. Zikibaki za juma moja, njoo kituoni. Usisubiri ziishe. Dawa za miti shamba, mwambie muuguzi kabla ya kuzitumia.

2. Tembea. Anza dakika 5 kuzunguka nyumba, ongeza kidogo kila juma hadi ufike 30. Ukishindwa kuongea huku unatembea, punguza mwendo. Kifua kikiuma, simama.

3. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Majuma 6 hadi 8 ya kwanza, mgonjwa asibebe maji wala kuni, asitwange sombe, hadi daktari aruhusu. Akiwa ni mama, baba na watoto wachukue kazi hiyo. Si uvivu.

4. Punguza chumvi. Ya Katwe iko karibu na ni rahisi kupata, lakini kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika samaki wa chumvi.

5. Acha sigara kabisa, na waragi pia.

6. Kila asubuhi bonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole. Shimo likibaki, au ukihitaji kuinua kichwa zaidi ili ulale, njoo siku hiyo hiyo. Kifua kikiuma tena na maumivu yasipopoa ukipumzika, usije kwa miguu. Tuma mtu atuite.

Na wewe jirani, ukienda kumjulia hali mgonjwa wa moyo, usiishie kwenye "unaendeleaje". Mwambie, "Nionyeshe dawa zako." Tangu siku ile mimi nauliza hivyo kila nyumba. Mzee wangu sasa huniwekea pakiti mezani kabla sijakaa.